Sabuni ya Ndoo Kiamaiko: Bei ya Dukani na Bei ya Mtaroni

Anayetaka kuanza biashara ya sabuni Kiamaiko, Nairobi, ana malighafi tatu mbele yake. Mbili ziko River Road, kwenye maduka ya kemikali, ndani ya mapipa ya bluu. Ya tatu iko hapo hapo mtaani, imening'inia mbele ya bucha, nyeupe, imezunguka figo la mbuzi. Kila moja ina wapenzi wake, na kila mpenzi ana hakika kwamba yake ndiyo rahisi. Nimeamua kuzipigia hesabu zote tatu, za mfukoni kwanza, kisha ile hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti: kinachobaki baada ya nguo kuanikwa na maji machafu kumwagwa.

Nianze na onyo kuhusu bei. Sitaandika shilingi hapa. Bei ya kemikali River Road hufuata dola na bei ya mafuta ghafi, na nikiandika leo, kesho utanisuta. Nitakupa uzito badala yake. Uzito haubadiliki, bei utajaza mwenyewe kwa kalamu ukiwa umesimama kaunta.

Tuanze na kilicho maarufu. Sabuni ya maji inayouzwa katika ploti za Huruma, Mathare na Kiamaiko kwenye chupa za maji zilizotumika karibu yote hutokana na Ungerol, au Ungerol na Ufacid. Haya ni majina ya biashara ya kampuni ya Unger Fabrikker ya Fredrikstad, Norwe, lakini Nairobi kila kitu cha aina hiyo huitwa kwa jina hilo hata kama pipa limetoka kwingine. Ungerol ni ute mzito unaovutika kwenye kijiko. Ufacid ni asidi ya kahawia iliyokoza, nzito kidogo, inayochoma ngozi. Ukifika dukani utaulizwa swali moja tu: unataka na Ufacid ama bila? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko rangi na manukato yote utakayouziwa baadaye.

Kanuni ya ndoo inayozunguka mtaani ni hii: kilo moja ya Ungerol, nusu kilo ya Ufacid, soda-ashi kidogo, chumvi kilo moja au zaidi, rangi, manukato, na maji mpaka lita 20. Tuifungue. Ungerol nzuri ya ute ina asilimia 70 ya kiini kinachoosha. Iliyobaki ni maji. Kwa hiyo kilo moja inakupa gramu 700. Ufacid ina asilimia 96 hivi, na ikishazimuliwa kwa soda inaongezeka uzito kidogo, kwa hiyo nusu kilo inakupa zaidi kidogo ya gramu 500. Jumla ni kilo 1.2 za kiini katika lita 20, yaani gramu 60 kwa lita. Hiyo ni asilimia sita. Si mbaya kwa masufuria ya nyumbani, lakini hakuna nafasi ya kuinyoosha tena. Anayeijaza maji ifike lita 30 anauza gramu 40 kwa lita, na mnunuzi hawezi kujua kwa macho.

Hawezi kujua kwa sababu ya chumvi. Hapa ndipo wateja wengi huliwa. Ukikoroga Ungerol kwenye maji ya uvuguvugu inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ukiongeza chumvi iliyoyeyushwa, kidogo kidogo, ghafla mwiko unaanza kukaza mkononi. Sabuni inakuwa nzito, inang'aa, inajimwaga polepole kutoka kwenye chupa. Haijaongezeka nguvu hata kidogo. Ni molekuli zilezile zimejipanga upya kwa sababu ya chumvi, na ukizidisha chumvi hiyo hiyo, uzito unavunjika na ndoo nzima inarudi maji. Kwa hiyo yule anayeinua chupa, anaitikisa, anaona sabuni inatambaa na kusema hii ni nzito, amepima chumvi.

Kipimo kinachofaa ni kile ambacho hata viwanda vimekitumia kwa miaka mingi: kuosha sahani mpaka povu life. Paka sahani mafuta ya mbuzi, kiasi kile kile kila moja, pima kijiko kimoja cha sabuni kwenye beseni moja la maji, kisha uoshe ukihesabu. Povu likikata, andika idadi. Rudia kwa sabuni ya jirani. Gawanya bei kwa sahani. Ukifanya hivyo utaona kuwa chupa ya bei ya chini mara nyingi ndiyo ghali, na wanaonunua kwa kadogo, shilingi kumi leo na kumi kesho, ndio wanaoumia zaidi kwa sababu hawapati nafasi ya kulinganisha.

Sasa swali la na Ufacid ama bila. Tuseme unataka ndoo yenye nguvu ileile, kilo 1.2 za kiini. Kwa Ungerol peke yake utahitaji kilo 1.7. Kwa Ufacid peke yake utahitaji chini kidogo ya kilo 1.2, pamoja na gramu 140 za kostiki, yaani soda kali, au gramu 190 za soda-ashi za kuizimua. Kwa hiyo ikiwa kilo ya Ufacid haijaipita kilo ya Ungerol kwa zaidi ya theluthi moja ya bei, Ufacid ndiyo nafuu. Hiyo ndiyo sababu wachanganyaji wanaipenda. Haitiwi peke yake kwa kuwa haikolei vizuri kwa chumvi na inakausha mikono, lakini kila gramu yake inayoingia kwenye ndoo inapunguza gharama.

Jihadhari na jambo moja ukinunua Ungerol. Kuna inayouzwa ikiwa imeshapunguzwa hadi asilimia 28. Yenye asilimia 70 huchukuliwa kwa kijiko na kukatika kwa shida, iliyopunguzwa humiminika. Ukiuziwa ya asilimia 28 kwa bei ya ute, umelipa mara mbili na nusu.

Na Ufacid inadai nidhamu ambayo ndoo nyingi hazina. Kilo moja inahitaji gramu 120 za kostiki au gramu 160 za soda-ashi, si konzi moja wala si kwa macho. Ikipungua, sabuni inabaki na asidi. Ikizidi, inabaki na soda. Vyote viwili mteja huvijua kwenye vidole, jioni, akikata vitunguu. Soda-ashi ni mpole zaidi kwa anayejifunza, ingawa hutoa gesi na povu hupanda, kwa hiyo ndoo iwe kubwa kuliko kazi. Tena ni ya hapa kwetu: inachimbwa Ziwa Magadi, Kajiado, kazi iliyoanzishwa na Kampuni ya Magadi Soda mwaka 1911 na ambayo leo iko chini ya Tata Chemicals. Karatasi ya litimasi ya watoto wa shule inatosha kukuonyesha kama umefika katikati. Bila karatasi hiyo usiuze.

Kuna kitu kimoja kwenye kanuni za mtaani ambacho ningekiondoa hata kabla ya kupiga hesabu yoyote. Ni fomalini. Huwekwa ili sabuni isioze kwenye rafu. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka fomaldehaidi, kemikali iliyomo kwenye fomalini, katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu, na anayeivuta zaidi ni yule anayekoroga ndani ya chumba cha mabati chenye dirisha moja. Ni rahisi, ndiyo maana ipo. Lakini sabuni ya ploti haihitaji kukaa miezi sita. Koroga ndoo ndogo inayouzika upesi, tumia maji yaliyochemshwa na vyombo vikavu, na gharama ya fomalini inakuwa sifuri.

Twende sasa kwenye malighafi ya tatu, ile inayonifanya niandike kuhusu Kiamaiko badala ya Kayole au Umoja.

Kiamaiko ni mbuzi. Malori hushusha kutoka Moyale, Marsabit, Isiolo na Garissa, na kutoka hapo nyama hutawanyika kwenye mabucha na hoteli za Nairobi. Kila mbuzi ana shahamu yake: ya figo, iliyo safi na ngumu, ya matumbo, iliyo kama wavu, na vipande vinavyokatwa wakati wa kusafisha nyama. Kutokana na shahamu na kostiki hupatikana sabuni, ile ile ya zamani, na mafuta ya mbuzi hutoa mche mgumu, mweupe, usioisha haraka kwenye maji. Povu lake ni dogo. Hiyo si dosari ya kuosha, ni dosari ya kuuzia, maana mteja wetu amefundishwa kuamini povu.

Kipimo: kilo moja ya mafuta ya mbuzi yaliyoyeyushwa na kuchujwa inahitaji gramu 138 za kostiki ili yote igeuke sabuni. Mtu mwenye busara hupunguza kwa asilimia tano, gramu 131, ili kubaki na mafuta kidogo badala ya kostiki kidogo. Kostiki inayeyushwa kwenye gramu 330 za maji. Unapata karibu kilo moja na nusu ya sabuni mbichi, ambayo ikikaa kwenye rafu wiki nne hivi inapoteza sehemu kubwa ya maji na kuwa ngumu. Ndani yake kuna kilo moja hivi ya sabuni halisi, pamoja na gliserini inayojitengeneza yenyewe, karibu moja ya kumi ya uzito wa mafuta. Viwanda vikubwa huitoa gliserini hiyo na kuiuza. Wewe huna mtambo wa kuitoa, basi inabaki kwenye mche, na mikono ya mfuaji inafaidi.

Ili ulinganishe na ndoo zetu za kilo 1.2 za kiini, unahitaji kilo 1.25 za mafuta safi na gramu 165 za kostiki, dhidi ya kilo 1.7 za Ungerol. Kwenye karatasi, mbuzi anashinda mapema. Karatasi hiyo lakini imesahau mambo kadhaa.

Kilo ya shahamu haitoi kilo ya mafuta. Kuna ngozi nyembamba, kuna maji, kuna makapi, na kadiri shahamu inavyokuwa ya vipande vya masalio ndivyo makapi yanavyoongezeka. Kuna moto. Njia safi ni kuichemsha kwenye maji yenye chumvi, kuchuja, kuiacha ipoe usiku kucha hadi mafuta yagande juu kama kifuniko, kuyainua, kisha kurudia ikiwa bado yananuka. Harufu yenyewe ni gharama. Kwenye ploti ya vyumba ishirini utagombana na majirani kabla ya kuuza mche wa kwanza. Kuna wiki nne za kusubiri, pesa zikiwa zimelala kwenye rafu. Na kuna sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Tumia ndoo nene ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda hata kwa saa moja, maana mtoto haulizi kilichomo, na koo lililochomwa na kostiki halirudi lilivyokuwa.

Hata hivyo, ukipata vipande kwa bei ya chini na moto wa kushirikiana, mche huo ni nafuu. Kwa maji ya Nairobi yatokayo bwawa la Ndakaini, ambayo ni laini, unafua bila kuacha ule utando wa kijivu unaowasumbua wanaotumia maji ya visima vya matumbawe kule Mombasa. Kwa kola za mitumba na nguo za shule, sioni cha kuushinda.

Hapo ndipo hesabu ya kwanza inapoishia. Ya pili inaanzia pale maji ya beseni yanapomwagwa.

Maji ya kufulia Kiamaiko huenda sehemu mbili. Ploti iliyounganishwa na bomba la maji taka hupeleka maji yake kwenye mitambo ya kusafisha maji taka. Ploti isiyounganishwa humwaga kwenye mtaro, mtaro kwenye Mto Mathare, Mathare kwenye Mto Nairobi, huo kwenye Athi, ambao ukiitwa Galana na baadaye Sabaki hufika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Njiani kuna watu wanaomwagilia sukuma wiki, na hizo sukuma hurudi Nairobi sokoni.

Uchafu wa aina hii hupimwa kwa oksijeni. Bakteria wakila mafuta au sabuni ndani ya maji, hupumua oksijeni ya maji hayo. Kilo moja ya mafuta ya mnyama inahitaji takriban kilo 2.9 za oksijeni ili iishe kabisa. Maji safi ya mto katika mwinuko wa Nairobi hubeba kama miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita. Piga mwenyewe: kilo moja ya shahamu iliyosukumwa mtaroni kwa ufagio inatosha kumaliza oksijeni ya lita 390,000 za maji, yaani maboza 39 ya lita 10,000. Kilo ya kiini cha Ungerol au cha Ufacid inahitaji kilo mbili na kidogo.

Ukiishia hapo utasema Ungerol ni rafiki wa mto kuliko mbuzi. Wengi huishia hapo, na hata wahandisi wenye digrii hukosea papa hapa, kwa sababu hawaulizi mpaka wa hesabu uko wapi. Swali ni hili: ile shahamu, kama usingeinunua, ingekwenda wapi?

Tuseme ingetupwa. Ukitengeneza ndoo ya Ungerol na shahamu ikatupwa, mto unadaiwa mara mbili: kilo 2.4 hivi za oksijeni kwa sabuni, na kilo 3.6 kwa zile kilo 1.25 za mafuta. Jumla sita. Ukiigeuza shahamu hiyo kuwa mche, mto unadaiwa zile 3.6 tu, baada ya nguo kufuliwa. Umeondoa asilimia 40 ya deni, na nguo ziko kwenye kamba.

Sasa tuseme ilikuwa shahamu safi ya figo ambayo mama mwingine angeinunua akakaangie. Wewe umempandia bei. Atanunua mafuta ya kupikia ya kiwandani badala yake, na mto haujapata nafuu yoyote. Sabuni yako ya kilo 3.6 imechukua nafasi ya Ungerol ya kilo 2.4. Hapo Ungerol ndiyo safi. Shahamu moja, kostiki moja, sufuria moja, na jibu limegeuka kabisa kwa sababu ya mahali ilipotoka.

Ndiyo maana siwezi kuunga mkono wanaosema sabuni ya asili ni bora daima. Nunua vipande vinavyokaribia kutupwa, achana na mafuta ya figo. Wala usiguse kitu chochote cha mnyama aliyekataliwa na mkaguzi wa nyama. Hicho kina njia yake ya kuharibiwa kisheria. Na yale maji ya chumvi uliyochemshia, yaliyojaa mchuzi, yasipelekwe mtaroni, la sivyo umerudisha kwa mlango wa nyuma ulichookoa. Yanaweza kutumika tena kwa mchemsho unaofuata. Makapi ni chakula cha mbwa.

Moto nao una hesabu yake. Ukiyeyusha kwa makaa, umekata mti kuokoa mto. Kuna njia nyingine: Kiserian, kwenye kichinjio cha Keekonyokie, samadi na taka za machinjio huingia kwenye mtambo wa biogesi na gesi yake hutumika. Kiamaiko haikosi samadi. Mtambo kama huo ni wa kikundi, si wa mtu mmoja mwenye ndoo, lakini ungebadilisha hesabu ya mche kuliko ujanja wowote wa kanuni.

Turudi kwa Ufacid, ambayo tuliiacha ikiongoza kwa bei. Ina historia ya kujifunza. Miaka ya hamsini sabuni za kemikali zilizotengenezwa kwa mafuta ya petroli zilikuwa na molekuli yenye mkia wa matawi, rahisi sana kutengeneza, na bakteria hawakuweza kuutafuna. Mito ya Ujerumani ilifunikwa na povu lililopeperushwa na upepo. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, ikaanza kazi 1964, ikadai angalau asilimia 80 ya kemikali hiyo iweze kuozeshwa. Viwanda vikahamia mkia ulionyooka, na Marekani ikafuata karibu na 1965. Ufacid unayopimiwa leo River Road ni ya mkia ulionyooka. Imetokana na mabadiliko yale.

Hadithi ya soda ni kongwe zaidi na inasema jambo lilelile. Njia ya Nicolas Leblanc ya 1791 iligeuza chumvi kuwa soda kwa bei nafuu huku ikipuliza gesi ya asidi iliyokausha miti ya majirani. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya 1863 iliyodai asilimia 95 ya gesi hiyo inaswe. Wenye viwanda walilalamika, wakainasa, kisha wakagundua kuwa inaweza kutengenezewa dawa ya kung'arisha nguo, wakaiuza. Taka ilikuwa taka mradi kuitupa kulikuwa bure.

Nikirudi kwa Ufacid, mkia ulionyooka huozeshwa vizuri, lakini kwa sharti moja: pawe na oksijeni. Pasipo oksijeni, kiini cha Ufacid hukaa karibu kama kilivyo, huku cha Ungerol kikiweza kuozeshwa hata gizani. Na Mto Mathare hauna oksijeni ya kutosha. Hapa niwe mwadilifu kwa mama mwenye ndoo: si yeye aliyeimaliza. Lita moja ya damu ya machinjio inaweza kudai miligramu 150,000 za oksijeni au zaidi, wakati kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, ziliruhusu miligramu 30 tu kwa lita ya maji yaliyoachiliwa kwenye mazingira. Ongeza vyoo vinavyomwaga moja kwa moja mtoni. Mbele ya hayo, beseni la kufulia ni dogo. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo Ufacid haifai pale: mto uliokwisha kukosa pumzi hauna uwezo wa kuimaliza, utasafiri nayo kuelekea kwenye sukuma.

Kuhusu leseni sitakaa sana. Sabuni inayouzwa dukani inahitaji alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, na wafanyabiashara wadogo wana utaratibu wao wa ada nafuu. Kikundi cha watu kumi kinalipia alama moja. Mtu mmoja mwenye ndoo hulemewa. Ukiongeza moto wa pamoja, mizani moja ya gramu, rafu moja ya kukaushia na mkataba wa vipande na mabucha matatu manne, kikundi kinaanza kushinda River Road kwa bei pia.

Basi, uamuzi wangu. Kwa vyombo: Ungerol ya ute peke yake, kilo 1.7 kwa lita 20, chumvi ya kiasi, bila fomalini, ndoo ndogo zinazokwisha upesi. Itakugharimu zaidi kidogo ya kanuni ya mtaani. Mteja akipiga hesabu ya sahani atakulipa. Kwa nguo: mche wa shahamu ya masalio, ukiwa kwenye kikundi na una mizani. Ukiwa peke yako na jiko la makaa, usijisumbue, nunua mche wa kiwandani. Kwa Ufacid: ploti iliyounganishwa na bomba la maji taka inaweza kuitumia na kuokoa pesa, ikizimuliwa kwa mizani. Ploti inayomwaga mtaroni iiache dukani.